Benchi la Ng'ambo: shajara ya mradi wa kuacha sigara, Tabora

Februari, siku chache kabla ya mwezi kuandama

Mradi huu hauna ofisi wala bango. Una benchi la mninga kwenye kibaraza cha duka la dawa ninalouza hapa Ng'ambo, Tabora mjini, kopo la maziwa ya unga lililojazwa mchanga kwa ajili ya vipisi, na kaunta buku ambamo ndimo yanamotoka haya ninayoyaandika. Jioni mbili kwa wiki, baada ya Isha, wavutaji wa mtaa wanaotaka kuacha watakaa hapo. Wasiotaka kuacha wanakaribishwa pia, mradi wasiwashe.

Kilichonisukuma ni kaunta yangu. Mtu anakuja kununua dawa ya kikohozi, fegi ameichomeka nyuma ya sikio. Namuuzia. Baada ya siku kadhaa yupo tena mbele yangu, kikohozi kile kile, fegi nyingine. Wananiita dokta, nami si daktari. Nimesomea kutoa dawa, basi. Lakini hata mtoa dawa anajua hakuna chupa ya dawa ya kikohozi itakayoshindana na moshi wenye kemikali zaidi ya 7,000, ambazo walau 69 kati yake zinajulikana kuleta saratani.

Jambo moja tumekubaliana kabla ya kuanza. Kuongelea sigara Tabora si sawa na kuiongelea Tanga. Waingereza walipokwama na mradi wao wa karanga pale Urambo, miaka ile ya mwisho ya 1940, zao lililokuja kushika ardhi ile ni tumbaku. Mpaka leo, Urambo, Kaliua, Sikonge hata Uyui, ukiona nyumba ya bati kijijini uliza bani lake, banda la kukaushia tumbaku, liko wapi. Wengi watakaokaa kwenye benchi wana kaka, shemeji au mama mkwe anayelima. Kwa hiyo mkulima hasutwi hapa. Tunaongelea moshi unaoingia kifuani, na kifua chenyewe.

Ramadhani, kumi la kwanza

Sikupanga kuanza na mwezi mtukufu, umeangukia hivyo tu, na sasa naona hakuna mwezi mzuri zaidi wa kuanzia. Mwaka huu Kwaresima nayo imeanza pamoja na mfungo, hivyo hata Wakristo wa benchi wako kwenye kujinyima.

Mvutaji akikwambia, "Dokta, mimi bila fegi saa moja nachanganyikiwa," muulize kama amefunga. Amefunga. Tangu alfajiri hadi jua linazama, saa kumi na tatu na ushei, hajagusa, na bajaji ameendesha, abiria amewabeba, chenji hajakosea. Basi uwezo upo, ila haujapewa jina.

Nikawaeleza kinachotokea ndani ya mwili wakati huo. Moshi wa sigara una gesi ya kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Gesi hiyo inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo sehemu ya damu ya mvutaji inazunguka mwilini bila kubeba hewa inayotakiwa, na moyo unalazimika kusukuma zaidi ili kufidia. Ukiacha kuvuta, gesi inatoka kidogo kidogo kwa pumzi. Mapigo ya moyo na presha vinaanza kushuka ndani ya dakika 20, na ndani ya saa 12 gesi ile kwenye damu imerudi kiwango cha kawaida.

Sasa piga hesabu. Aliyevuta ya mwisho wakati wa daku, ikiadhiniwa magharibi, saa moja na dakika kadhaa hapa kwetu, damu yake kwa upande huo imeshakuwa ya mtu asiyevuta. Kisha anatafuna tende, anakunywa maji mafunda mawili, na kabla uji haujapoa anawasha.

"Kwa hiyo dokta," akasema dereva bajaji mmoja, "mimi kila siku naacha, kila jioni naanza upya?"

Ndivyo. Tena kazi ngumu anaifanya kabla ya magharibi, halafu anaiharibu katika muda mfupi uliobaki kabla ya kulala. Alicheka hadi akashika nguzo ya kibaraza, ila kesho yake alikuja bila kuitwa.

Kazi tuliyopeana ni ndogo: fegi ya futari iahirishwe. Kula kwanza, swali, nenda tarawehe kama unakwenda, kisha pita benchini. Asiyeswali tarawehe aje moja kwa moja. Hamu ikija, usipigane nayo, ipitishe: vuta pumzi ndefu, kunywa maji, shika kazi nyingine mkononi. Kila wimbi la hamu hudumu dakika chache tu, hata kama mwenyewe anahisi litamalizana naye.

Ramadhani, kumi la kati

Leo tumefanya jaribio la chupa. Naliandika kwa urefu kwa sababu ndilo watu wanaloniuliza njiani.

Chukua chupa ya plastiki ya maji ya lita moja na nusu. Toboa tundu upande wa chini kwa msumari wa moto, liziba kwa kidole, jaza maji. Toboa kizibo kiasi cha fegi kupita kwa kubana, na ndani ya kizibo tandaza kipande chembamba cha pamba nyeupe, ile ya kusafishia vidonda, ili moshi usipate njia nyingine. Funga. Mmoja anashika kiberiti kwenye ncha ya fegi, mwingine anaachia kidole. Maji yanaanza kutoka chini, na chupa inavuta fegi yenyewe kama mtu. Ukungu mweupe unajaa juu ya maji. Fegi inaungua kwa kasi, majivu yanainama, yanaanguka.

Tulipofungua kizibo, pamba ilikuwa na duara la rangi ya chai ya rangi iliyokolea, inanata, na harufu yake si ya moshi tena bali ya kitu kilichooza na kukauka. Fundi viatu aliigusa kwa kidole gumba, akajipangusa kwenye suruali, doa halikutoka vizuri. Hiyo ni lami ya fegi moja, tena yenye kichungi. Kichungi hakiizuii gesi, na chembe ndogo kabisa zinapita. Mvutaji wa sigara za mentholi akajitetea kwamba zake ni laini. Mentholi inapoza koo tu. Koo lisipowashwa, moshi unavutwa ndani zaidi, na wengine huona kuziacha ni kugumu kuliko za kawaida.

Watoto wa mtaa walijaa kuangalia. Niliwaacha. Kwenye jambo hili sioni sababu ya kuwafukuza watoto.

Machi, katikati ya mwezi

Mama mmoja kutoka upande wa Uyui amekuja kutafuta dawa ya kuzuia kutapika kwa ajili ya binti yake. Alianza na salamu ya mwangaluka, nikaitika, tukaulizana habari za shamba, mvua, na nyumbani, ndipo akasema shida yake. Binti alianza kuchuma majani asubuhi, saa nne akawa hana nguvu, kichwa kinauma, jasho, anatapika. Wenyewe wanasema tumbaku imemlevya.

Na ni kweli imemlevya. Nikotini iliyo kwenye jani inayeyuka kwenye umande au maji ya mvua, inapita kwenye ngozi ya mikono na kwenye nguo zilizolowa, inaingia kwenye damu. Binti huyo hajawahi kuvuta hata pafu moja maishani mwake, na kwa sababu hiyo hiyo inampiga zaidi, maana mwili wake haujaizoea. Ushauri niliompa: achume umande ukishakauka, avae mikono mirefu na kitu kisichopitisha maji mikononi, akilowa abadilishe nguo, anawe kwa sabuni akimaliza, mjamzito na mtoto wasiguse jani bichi kabisa. Kama anatapika bila kukoma au anaishiwa nguvu, apelekwe kituo cha afya, asisubiri kidonge changu.

Jioni niliisimulia benchini bila kumtaja mtu. Athari yake sikuitarajia. Wavutaji wale ambao saratani unawaambia wanaitikia "tumeshasikia", hii iliwakaa. Kuwa jani lenyewe, bila moto, bila moshi, linamwangusha msichana mzima kwa kupita ngozini! Mmoja akauliza, sasa mimi ninayeichoma na kuivuta ndani? Nikamwambia kwa moshi inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde kumi hivi, na mwendo huo wa haraka ndio unaomfunga mtu. Ubongo unajifunza kuidai. Tabia mbaya au uhuni havihusiki hapo, na sipendi wanaoliweka hivyo misikitini na makanisani, ingawa najua nia yao ni njema.

Mfunguo mosi, wiki baada ya Idi

Idi imepita na sehemu kubwa ya benchi imepita nayo. Nguo mpya, pilau, wageni kutoka Nzega na Igunga, na fegi mkononi. Baadhi waliokuwa wamefika mwisho wa Ramadhani na fegi moja au mbili kwa usiku wamerudi kwenye pakiti nzima. Kuteleza si kuanguka, na wengi wanaoacha kabisa hujaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu, kwa hiyo hakuna aliyefutwa kwenye daftari.

Mjadala mkubwa umekuwa namna ya kuacha: kidogo kidogo au kwa mkupuo. Wazee wa benchi wote walitetea kidogo kidogo, haba na haba. Mimi nimesimama upande wa mkupuo, na nina sababu. Utafiti uliofanyika Uingereza ukatoka mwaka 2016 uliwagawa wavutaji mafungu mawili: walioacha ghafla siku waliyoipanga, na waliopunguza kwa wiki mbili kabla ya siku hiyo. Baada ya wiki nne, asilimia 49 ya walioacha ghafla walikuwa bado hawajavuta, dhidi ya asilimia 39 ya waliopunguza. Wote walikuwa wamesaidiwa na dawa zenye nikotini na ushauri, jambo ambalo sisi tunalo nusu tu, lakini mwelekeo ndio huo.

Halafu kuna yule anayepunguza na kubaki hapo. "Mimi moja tu baada ya ugali, dokta, hiyo haina neno." Ina neno. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikusanya tafiti nyingi ukaona kwamba anayevuta moja kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mvutaji wa 20 kwa siku. Mtu angedhani ni moja ya ishirini. Moyo na mishipa hauna hesabu hiyo.

Tumekubaliana kila mmoja achague siku yake mwenyewe na kuiandika daftarini kwa mkono wake. Hakuna anayechaguliwa.

Aprili

Walioacha baada ya Idi wamerudi na malalamiko, na malalamiko ndiyo maendeleo ya mwezi huu.

La kwanza ni kikohozi. Wamekuja na hoja kwamba sigara ilikuwa inawazuia kukohoa, maana tangu waache ndiyo wanakohoa zaidi. Kwenye njia ya hewa kuna vinyweleo vidogo vidogo ambavyo kazi yake ni kusukuma makohozi na uchafu kwenda juu. Moshi unavipooza. Ukiacha, vinaamka na kuanza kusomba uchafu uliolala humo, na mtu anakohoa kwa wiki kadhaa. Kati ya mwezi mmoja na miezi tisa kikohozi na kuhema vinapungua. Lakini kikohozi cha wiki mbili na zaidi, ukiwa umeacha au hujaacha, kipimwe kifua kikuu kituo cha afya. Hapo sina mzaha, na simuuzii mtu dawa ya kikohozi kwa mara ya tatu bila kumwelekeza huko. Uvutaji unaongeza karibu maradufu uwezekano wa kuugua kifua kikuu, na unaongeza uwezekano wa kufa nacho.

La pili limenifurahisha zaidi, la kahawa. Kijiweni pale karibu na msikiti watu wanakunywa kahawa chungu na kashata huku wanacheza bao, na fegi ndiyo ilikuwa mshenga wa kahawa. Walioacha wakaanza kulalamika: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi haupo. Wakasema ni mwili unadai sigara, wengine wakatamani kurudi. Kumbe sehemu ya shida ni kikombe. Moshi wa tumbaku unalichochea ini livunje kafeini haraka. Mvutaji anaweza kunywa vikombe vingi na asisikie kitu. Akiacha, ini linarudi mwendo wa kawaida ndani ya siku chache, na kahawa ile ile inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Anakuwa amelewa kahawa, anadhani ni kukosa fegi. Dawa yake ni kupunguza vikombe viwe nusu.

Muuza kahawa hakufurahi. Alinifuata dukani, akaniuliza kwa heshima zote kama nina ugomvi naye. Tumemalizana: sasa anauza pia chai ya tangawizi, na kwa maneno yake mwenyewe inakwenda.

Kuhusu hasira, kukosa subira, njaa na kuwaza sana, hayo ni ya kweli na ni ya kukosa nikotini. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo kali, halafu yanapungua, na ndani ya wiki tatu au nne yanakuwa yameisha kwa wengi. Nimewaomba wake zao walijue hilo mapema. Mke mmoja akajibu, "Wiki nne? Nimevumilia harufu miaka kumi na moja." Uzito nao unaongezeka, kilo 4 au 5 kwa wengi katika mwaka wa kwanza, maana chakula kinarudisha ladha na mkono umezoea kupeleka kitu mdomoni. Hapa karanga na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, vinasaidia mkono. Soda haisaidii kitu.

Mei

Masoko ya tumbaku yamefunguliwa. Mtaani kuna wateuzi wanaopanga madaraja ya tumbaku, madereva wa malori ya marobota, wakulima wenye pesa ya kwanza tangu mwaka jana. Kwa mradi huu ni miezi ya hatari. Pesa ikiingia, kila mmoja anamnunulia mwenzake, na kumkatalia mtu fegi aliyokupa kwa furaha ni kazi kuliko kukataa ya kununua mwenyewe. Tulilolizoesha benchini ni jibu fupi: "Nimeacha, lakini soda nitapokea." Linaondoa aibu pande zote mbili. Najua hapo juu nimeisema vibaya soda.

Hesabu ya pesa tumeifanya kwa njia ya kila mtu na bei yake, maana wengi hapa hununua moja moja na hivyo wanalipa zaidi bila kujua. Mvutaji wa kumi kwa siku anachoma 3,650 kwa mwaka. Zidisha kwa bei unayolipa dukani kwa Mangi. Kinyozi alizidisha mara tatu akidhani kikokotoo cha simu kina kasoro, kisha akaanza kuihesabu pesa hiyo kwa mabati ya kuezekea.

Lililonikera mwezi huu ni watoto. Mtaa wetu bado unamtuma mtoto wa darasa la tatu akanunue fegi mbili, na vijijini babu anampa mjukuu akamwashie jikoni kwenye kaa la moto. Mtoto anaipeleka mdomoni ili isizime njiani. Ndilo pafu la kwanza la wavutaji kadhaa wa benchi hili, wamelisema wenyewe. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ipo tangu 2003, na aliye chini ya miaka 18 hauziwi. Nimezungumza na wenye maduka matatu ya jirani. Mmoja amekubali kabisa, mmoja amekubali kwa mdomo, wa tatu kasema, "Huyo hajanunua, katumwa." Nitamrudia.

Na mtoto havuti tu kwa kutumwa. Anayelala chumba kimoja na baba anayevuta anapata nimonia, pumu na maumivu ya masikio kwa urahisi zaidi. Kuvutia dirishani hakutoshi, moshi unarudi ndani. Kwa Shirika la Afya Duniani, tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao ni watu wasiovuta waliokaa karibu na moshi wa wengine.

Tarehe 31, siku ya dunia ya kutotumia tumbaku, hatukufanya maandamano. Tulirudia jaribio la chupa stendi ya bajaji, mchana, na pamba tukaiacha imebandikwa kwenye nguzo.

Juni

Baridi ya asubuhi imeanza na vifua vinazungumza. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, alikuja kununua kwangu dawa ya kubanwa mbavu. Shikamoo mzee, marahaba, akakaa kwenye benchi kupumzika kabla ya kusema kitu. Kutoka kwake hadi kwangu si hata hatua mia mbili.

Nilimwomba tufanye mtihani wa zamani wa madaktari. Nikawasha njiti ya kiberiti nikaishika kama sentimita 15 mbele ya mdomo wake. Aizime kwa kupuliza mdomo ukiwa wazi kabisa, bila kubana midomo. Akavuta pumzi, akapuliza. Moto uliinama kidogo, ukasimama. Njiti ya pili, vile vile. Ya tatu akataka kubana midomo, nikamkatalia. Kijana wa kuuza vocha aliyekuwa pembeni aliizima ya kwake mara moja bila kuacha kutafuna bazoka.

Mtihani huu hautoshi kumwambia mtu ana ugonjwa gani. Unasema tu kwamba hewa haitoki kwa kasi inayotakiwa, na mtu wa namna hiyo aende apimwe vizuri. Uvutaji wa miaka mingi unaharibu vifuko vya hewa na kubana njia zake, na vifuko vilivyoharibika havioti tena. Kuacha kunachofanya ni kupunguza kasi ya kuharibika kwa vilivyobaki.

"Sasa mwanangu," akaniuliza, "nina miaka sitini na kitu, niache kwa faida ya nani?"

Swali hili limeshajibiwa na watu waliolifuatilia kwa miaka hamsini. Richard Doll na wenzake Uingereza walianza mwaka 1951 kuwafuatilia madaktari wenzao wa kiume, wavutaji na wasiovuta, na mwaka 2004 wakatoa hesabu ya nusu karne. Mvutaji asiyeacha alipoteza kwa wastani miaka 10 ya maisha. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliiokoa karibu yote, wa 40 aliokoa 9, wa 50 akaokoa 6, na wa 60 akaokoa 3. Nilimwambia mzee mitatu. Akahesabu kwa vidole, akaniambia mjukuu wake yuko kidato cha tatu.

Ameandika siku yake. Amekwenda hospitali ya Kitete kupimwa, na kwa kuwa wengi wananiuliza kuhusu dawa, naweka hapa: bazoka na plasta za nikotini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na vidonge vya bupropioni na vareniklini viliongezwa 2021. Mimi dukani sina. Anayevuta sana, anayewasha ndani ya nusu saa tangu aamke, aulize hospitali. Na yale majani yanayouzwa kwa kipaza sauti sokoni kwamba yanakata hamu ya sigara, bangi na pombe kwa siku moja, pesa hiyo nunua maembe msimu ukifika.

Julai

Ugoro. Nilijua utakuja.

Walioacha fegi wawili wamekutwa na kikopo cha ugoro, na wanaona wameshinda: hakuna moshi. Upande wa moshi wana haki, mapafu yao yanapata nafuu. Lakini ugoro ni tumbaku iliyosagwa ikachanganywa na magadi, na magadi yenyewe yanasaidia nikotini kupita kwenye utando wa pua na mdomo kwa haraka. Anayebwia na kuuacha chini ya mdomo anajiweka kwenye saratani ya kinywa na ya koo la chakula. Nimewaandika daftarini kwenye ukurasa wao peke yao, hawajaacha nikotini, wamehama mlango.

Bibi anayeuza ugoro alipata habari, akaja mwenyewe. Aliketi, akakataa maji, akanieleza kwamba kwa ugoro huo amejenga na kuzika. Sikubishana naye. Niliuliza kama amewahi kuona kidonda mdomoni kwa wateja wake. Amewaona. Tumeelewana kwamba mteja mwenye kidonda au doa jeupe mdomoni lisilopona, hamuuzii siku hiyo, anamleta kwangu nimwelekeze. Ameshaleta mtu.

Agosti

Hali ilivyo. Dereva bajaji wa Ramadhani ameacha tangu Aprili na sasa ndiye anayewasema wengine, kwa ukali ambao inabidi niupunguze. Kinyozi ameacha, akaondoa kopo la vipisi saluni kwake, na wateja wameacha kuvutia ndani. Mzee wa reli alivuta kwenye msiba, akaandika siku mpya kesho yake. Fundi viatu hajaacha, anakuja kila Alhamisi. Kuna waliopotea kabisa na sijui wako wapi.

Kwa walioacha, kilicho mbele ni cha kusubiri: baada ya mwaka, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inashuka hadi nusu ya ile ya mvutaji, baada ya miaka kumi, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu inakuwa karibu nusu.

Vitalu vya tumbaku vinaanza kumwagiliwa, na wanabenchi kadhaa wanahamia mashambani upande wa Sikonge na Kaliua hadi mvua ziishe. Kwa hao tumepanga simu: kila mmoja ana mwenzake wa mjini wa kumpigia baada ya chakula cha usiku, saa ile ile ya fegi, kwa wiki nne za mwanzo. Vocha tunachangia. Kuanzia mwezi ujao benchi litakuwa Alhamisi tu, ila litahitaji mwenzake, maana watu wanasimama. Seremala amekubali kulitengeneza bure, lakini mbao tulete sisi, na ametuambia mninga wa sasa haushikiki bei.